Shifti ya Felista Kisiwani Morisi

Kwa miaka kumi na tisa Felista alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Kihonda, idara ya kusokota nyuzi, na humo alijifunza mambo mawili: kuzungumza kwa midomo bila kutoa sauti, maana kwa kelele zile hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, na kusikiliza mashine. Alikuwa na mashine kumi na mbili chini yake. Aliweza kuwa anaunga uzi uliokatika kwenye ya kwanza, mgongo kaelekeza kwingine kabisa, akajua kwamba ya tisa inataka grisi. Mafundi walimwogopa kidogo. Akiwaita hawakubisha, walikuja na spana.

Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, kanga za kutoka nje zikajaa madukani, na kiwanda kikawa kinasokota nyuzi ambazo hakuna aliyezitaka. Mwaka 1994 wafanyakazi walikusanywa uwanjani wakaambiwa kwamba wamepunguzwa. Neno lilikuwa hilo, kupunguzwa, ingawa siku ile walioondoka walikuwa karibu wote na waliobaki walikuwa walinzi wawili na paka. Felista akarudi nyumbani akiwa na miaka arobaini na mbili, akakuta nyumba yake ina kimya ambacho hakuwahi kukijua. Wiki ya kwanza alishindwa kulala usingizi wa mchana mpaka mumewe, Agustino, alipowasha redio na kuiacha ikikoroma katikati ya stesheni mbili.

Akaingia kwenye mboga. Wifi yake Martina, dada mkubwa wa Agustino, alilima Mgeta, kwenye mteremko ambao kabichi ikikuponyoka unaifuata kwa jirani. Alishusha karoti, njegere na koliflawa kwa lori, na Felista akauza pembeni mwa stendi ya Msamvu. Biashara ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa masikio. Basi halijakata kona kuingia stendi, yeye ameshasema, "Hilo linakuja na bering imekufa gurudumu la nyuma, kushoto." Abiria waliokuwa wamekata tiketi wakaanza kurudisha, na makondakta wakamwomba kwa heshima ahamishe meza yake upande wa pili, karibu na vyoo.

Safari ya Morisi aliisababisha Agustino. Mwaka 1997 kampuni moja mpya ya sabuni, Povu Tele, ilitangaza bahati nasibu redioni kila saa. Agustino alikuwa mlinzi wa shule, kazi yenye nafasi ya kusikiliza redio, naye akaanza kukusanya makaratasi ya sabuni mpaka kwenye majalala ya mabweni. Alituma bahasha nane, zote kwa jina la mkewe. Alisema hakutaka jina lake litajwe redioni, watu wangemkopa.

Jina la Felista likatajwa. Barua ilifuata, nayo ilisema amejishindia safari ya siku sita kwa watu wawili, kisiwa cha Morisi, katika hoteli ya kitalii yenye kasino. Agustino aliipeleka kwa Mwalimu Winfrida, jirani yao, amfafanulie neno hilo la mwisho. Mwalimu Winfrida akafungua kamusi yake, akasoma kimya, kisha akasema, "Ni ukumbi wa michezo."

"Michezo gani?"

"Haikusema."

Felista akaweka raba zake za netiboli kwenye begi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Agustino akaanza kuwawazia kuku. Kuna mtetea alikuwa anaatamia, akasema, na mtetea akiatamia anahitaji mtu aliyemzoea. Felista alimtazama. Katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kumwona akimpa kuku hata punje.

"Ni ndege?" akamuuliza.

"Ni kuku," Agustino akajibu. "Ndege siiogopi. Mwite dada, aende."

Martina alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwahi kuvuka Chalinze. Alipopelekewa habari alisema, "Mimi na ndege wapi na wapi," na kesho yake akateremka na lori akiwa na begi moja na kiroba cha karoti. Felista alijaribu kumwambia kwamba hotelini watu hawapelekewi karoti.

"Wifi, wametuita kwao wametugharimia nauli," Martina akasema. "Mimi siingii kwa watu mikono mitupu."

Kiroba kikapanda ndege Dar es Salaam, kikabadilisha ndege Nairobi, kikafika Morisi salama. Pale uwanjani maofisa wawili waliovaa glavu wakakifungua, wakatazamana, wakaandika kwenye daftari, wakakiondoa. Kwa sheria za kisiwa mboga za kigeni haziingii, lakini hilo hakuna aliyelieleza kwa Kiswahili. Martina aliridhika sana. Aliona zawadi imepokelewa, tena na wakubwa.

Barabara ya kwenda hotelini ilipita kwenye mashamba ya miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, na kwa mbali vilima vya kijani. Baada ya nusu saa Martina akamgeukia wifi yake. "Tumepita mawinguni siku nzima," akasema, "kuja kuona Kilombero?"

Hotelini walipokewa na mwanamume wa makamo aliyevaa koti jeusi na beji kifuani, Luqmani. Wazazi wake walikuwa Wangazija, naye alizaliwa Unguja akaondoka akiwa mtoto, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, safi, kama nguo iliyokaa kabatini na karafuu. Alikuwa fundi wa mashine za kasino, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea nao, meneja alimkabidhi wageni hawa. Jioni ile ile aliwaletea ndoo mbili ndogo za plastiki, kila moja imejaa vibati vya duara vinavyofanana na shilingi.

"Hii ndiyo sehemu ya zawadi yenu, mabibi," akasema. "Vibati mia tano kila mmoja. Havibadilishwi kuwa fedha. Unakitia ndani ya mashine, unavuta mkono, picha zinazunguka. Zikilingana, mashine inakurudishia vingine. Hivyo vya kurudishiwa unaweza kuchukulia kitu katika duka la hoteli."

Martina alikuwa ameinamia ndoo yake kama mtu anayekagua maharage yaliyobunguliwa. "Baba, hii si ndiyo kamari?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mimi sichezi. Changu mpe huyu."

Felista naye hakuwa mtu wa kamari. Hata karata za kujifurahisha alizikwepa, maana Agustino alikuwa akiiba. Lakini alilifikiria jambo hili kwa utaratibu. Fedha haikuwa yake, na kushinda hakutaka. Alichopewa ni mzigo wa vibati elfu moja na mashine za kuvitia, na watu waliomsafirisha bure walitaka vitiwe. Hiyo si kamari, akaamua. Hiyo ni kazi.

"Mnaingia saa ngapi?" akamuuliza Luqmani.

"Mlango hufunguliwa saa nne asubuhi."

"Saa nne?" Felista akasema. Hakuamini kwamba kuna mahali penye mashine panapofunguliwa saa nne.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni saa mbili kasoro dakika kumi, kitambaa kimefungwa kichwani, raba miguuni, na chini ya kiti alichokalia kuna mkate na mayai aliyojifungia wakati wa chai. Mlango ulipofunguliwa akaingia, na hapo akasimama.

Ukumbi ulikuwa mrefu. Mashine zilipangwa kwa safu, safu baada ya safu, taa zinawaka, na zote zilikuwa zinatoa sauti: mlio wa magurudumu, mkatiko wa mikono, vibati vikigonga bakuli la chuma. Miaka mitatu Felista alikuwa anadhani anachokikosa ni mshahara. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akaenda safu ya tatu.

Wageni wengine walikaa, kila mtu na mashine yake moja, wakiitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Felista alishangaa mtu mzima kukalia mashine moja. Yeye alichukua kumi na mbili, safu nzima. Alitia kibati kwenye ya kwanza, akavuta, hakungoja, akaenda ya pili, akatia, akavuta, mpaka ya kumi na mbili, kisha akarudi. Akipita alizipangusa vumbi kwa kitambaa. Mashine ikirudisha vibati alivikusanya kwa kuguna, maana kazi ilikuwa inamrudia. Saa sita alitoka nje, akala mkate wake kwa nusu saa, akarudi.

Watalii wakamwona. Hakuvaa kama wao, alijua anakokwenda, na alipangusa mashine. Wakaamua kwamba ni msimamizi. Mama mmoja wa Kizungu, mnene, mwenye kofia ya majani, akamshika mkono akaonyesha mashine mbili, akiuliza kwa macho ipi ni nzuri. Felista alisikiliza kidogo. Moja ilikuwa inazunguka kwa uzito, nyingine ilikuwa laini. Akaonyesha ile laini, kwa sababu ndiyo iliyotunzwa. Yule mama akavuta mara tatu, na vibati vikamwagika mpaka vikajaza kofia.

Kuanzia hapo hakupata nafasi ya kufanya kazi. Siku ya pili walimfuata watu sita, kisha kumi, wakisogea anaposogea na kusimama anaposimama. Akiinama kuchukua kibati kilichoanguka, nao waliinama. Martina alikuwa amekaa kwenye kiti cha velveti karibu na mlango, anafuma kitambaa, na alilitazama jambo hilo kwa huruma.

"Wifi, hawa watu hawana kwao?"

"Sijui. Wanalipa kuingia humu."

"Wanalipa?" Martina akashusha sindano zake. "Yaani kuvuta huko kutwa, na wanalipa wao?"

Jumapili Felista alipumzika. Luqmani aliwaelekeza kanisa lililokuwa katikati ya miwa, misa ikasomwa kwa Kifaransa, na pale nyimbo zilipokuwa na sauti alizozijua, Martina aliimba maneno yake mwenyewe ya Kiluguru, kwa nguvu, mpaka benchi la mbele likageuka. Baada ya misa walipewa mikono na watu wengi.

Jumatatu asubuhi, ndoo ikiwa imebaki robo, Felista alifika mashine ya saba akasimama. Ilipopaswa kurudisha vibati kumi, aliusikia mlio usiokaa sawa, kama mtu anayeanza kupiga chafya akaghairi. Akavihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Alijaribu tena. Akamwita Luqmani.

"Hii ina ugonjwa," akamwambia. "Kile kinachohesabu vibati vikitoka, kikono chake kimelegea. Kinachelewa kurudi."

Luqmani alicheka kwa adabu. "Mama, umejuaje kuna kikono? Umeifungua?"

"Nimeisikia. Izime sasa hivi. Hii ikishika, haitaacha."

"Ilikaguliwa Alhamisi."

"Alhamisi ilikuwa haijaugua."

Luqmani akasema ataitazama baada ya chakula cha mchana. Felista alimjua mtu wa namna hiyo. Idara ya kusokota ilikuwa nao wanne. Akaenda kumwambia Martina asogeze kiti, maana kilikuwa mwisho wa safu ile.

Martina alikuwa hajamaliza kuuliza kwa nini, wakati mama wa kofia ya majani alipofika kwenye ya saba, akatia kibati, akavuta. Picha hazikulingana hata kidogo. Mashine ikatoa kibati kimoja, kikatoka cha pili, kisha ikapiga ile chafya yake yote na kuanza kumimina. Bakuli likajaa, vibati vikavuka ukingo, vikateremka kwenye zulia kwa kelele za mvua ya mawe juu ya bati. Watu wakaacha viti. Bwana mmoja wa makamo mwenye kaptura alipiga magoti akaanza kujaza soksi zake.

Hapo Martina alisimama. Kwake jambo lilikuwa wazi: mali ya mwenyeji imemwagika, na wageni wanaichukua. Akavua kanga ya juu, akaitandaza chini, akaanza kukusanya kwa mikono miwili, kwa kasi ya mtu aliyeona mvua inaanza na njegere ziko uani.

"Wacha hivyo, si vyako," akamwambia yule bwana, na ingawa bwana hakujua neno hata moja la Kiswahili, aliitazama sura ya Martina akavua soksi. Martina akazikung'uta juu ya kanga, akamrudishia. Akamfikia mama wa kofia, akanyoosha mkono, akangoja. Kofia ikaja.

Meneja alifika akikimbia, kijana mwembamba mwenye tai, akakuta safu ya tatu watalii wamesimama wima kama wanafunzi waliokamatwa na mwalimu, na mbele yao bibi wa Kiafrika ana mzigo uliofungwa vizuri kwa kanga. Alipofungua mdomo, Martina alimwekea mzigo mikononi. Ulikuwa mzito, akaketi nao.

"Mwambie vyote vipo," Martina akamwambia Luqmani. "Isipokuwa kimoja kimeingia chini ya kabati lile, mikono yangu haifiki."

Mashine ilikuwa bado inakereza tumbo tupu. Luqmani akazima umeme na kufungua mlango wa nyuma, uso umembadilika. Felista akamsogelea, akachungulia, akaingiza kidole.

"Nipe bisibisi ndogo."

Alimpa. Felista akatoa kispringi kilichochoka, urefu wa kucha, akamwonyesha, bila kusema alichokuwa na haki ya kusema. Luqmani akakipokea, akaenda stoo mwenyewe, akaleta kipya. Felista alikipachika, akairudisha mashine kwenye umeme, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akamwambia, "Na ya nne kwenye safu ile, wiki ijayo."

Meneja alizungumza kwa muda mrefu, mkono kifuani. Luqmani akatafsiri kwamba bwana huyu ameshukuru mno, kwamba wageni wa namna hii hajawahi kuwapata, na kwamba kwa heshima yao hoteli inawapa zawadi ya ziada. Mhudumu akaja na sinia. Juu yake palikuwa na ndoo mbili mpya za vibati, zimefungwa utepe mwekundu.

Felista alizitazama ndoo. Ile ya kwanza alikuwa bado hajaimaliza, na kesho ilikuwa siku ya kuondoka.

"Ovataimu," akamwambia wifi yake.

"Kataa," Martina akasema.

Felista akamwomba Luqmani amwambie meneja kwamba vibati arudishe stoo. Yeye alitaka barua. Kule kiwandani siku ya kupunguzwa waliahidiwa barua za utumishi, za kuonyesha mtu amefanya kazi gani na ameifanya vipi, na mpaka leo hazijatoka. Kama bwana meneja anaona amefanya kazi nzuri, aandike hivyo, na apige mhuri.

Luqmani alipomaliza kutafsiri, meneja hakucheka. Alimtazama Felista kidogo, akaingia ofisini, na sauti ya mashine ya kuchapa ikasikika. Mlango ukiwa umefungwa Felista alisema, "Herufi moja inakwama." Barua ilipotoka, kila palipotakiwa herufi R palikuwa na alama hafifu, lakini mhuri ulikuwa mkubwa na wa bluu.

Kwa vibati vilivyokuwa vimerudishwa na mashine, duka la hoteli liliwapa miavuli miwili, chupa ya chai na taulo nne. Martina aliulizia jembe, hapakuwa nalo. Alipoagana nao, Luqmani alimshika Felista mkono akasema, "Mimi nimesomeshwa miaka miwili Reunioni kwa kazi hii. Wewe nani alikufundisha?"

"Kelele," Felista akajibu.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam Agustino alikuwa anawasubiri, amevaa shati la kanisani. Aliwasaidia mabegi, akangoja mpaka wamepita Kibaha ndipo akauliza, "Sasa huko mlikuwa mnafanya nini?"

"Mimi nimefuma," Martina akasema. "Mkeo alikuwa kazini."

Barua ilisomwa na padre wa parokia, aliyekijua Kifaransa. Ilisema kwamba mama huyu alitambua kwa masikio tu hitilafu ambayo vifaa vyao havikuitambua, na kwamba hoteli inampendekeza bila wasiwasi kwa yeyote mwenye mashine. Felista aliipeleka kiwandani, ambako mwekezaji mpya alikuwa ameanza kupaka rangi ukuta wa mbele. Kijana wa ofisi aliigeuza huku na huku, akamwambia wanachukua wasiozidi miaka thelathini na mitano. Felista akaikunja. Alipokuwa anatoka getini alisikia kinachofanyiwa majaribio ndani, akatikisa kichwa, akaenda zake, hawakuwa wamemuuliza.

Lakini yale maneno ya mwisho, kwa yeyote mwenye mashine, hayakumtoka. Wakati ule kila mtaa Kihonda ulikuwa unafungua kinu cha kusaga na kukoboa, watu walionunua injini za mtumba na kuzifunga kwa kubahatisha. Felista alianza na kinu cha Elia, aliyekuwa akimuuzia pumba kwa ajili ya kuku wa Agustino. Elia hakuamini, lakini mkanda wake ulikuwa unakatika kila baada ya siku tatu, na fundi aliyemwita alikuwa ameshafungua kila kitu mara mbili. Foleni ilikuwa imefika barabarani, akina mama na ndoo zao za mahindi, jua kali.

"Unataka nikufungulie wapi, mama?" Elia akamuuliza.

"Usifungue. Washa tu, kisha waambie hawa wanyamaze kidogo."

Injini ikaunguruma. Felista akavua kitambaa kichwani, akaegemea ukuta wa mabati kwa bega, akafumba macho. Aliacha ikimbie mpaka Elia akaanza kuwazia mafuta yake. Akina mama wa foleni walikuwa wamenyamaza, wengine wakiinamisha vichwa vyao nao, wasijue wanasikiliza nini.

"Zima," akasema Felista. "Kinu chako hakina kosa. Kimekaa upande, kama meza ya mguu mfupi. Leta kipande cha ubao."

Elia akaenda kutafuta ubao, na Felista, akiwa anasubiri, akachukua ufagio uliokuwa pale kona akaanza kufagia unga chini ya mashine.